Nilimkataza Zabroni kusema "ila"

Kichwa changu kimegoma. Tangu juzi naambiwa Zabroni hayupo, na mimi naitikia "sawa" kama mtu aliyeambiwa umeme umekatika, utarudi.

Mnaonifuata humu kwa vichekesho, leo mtanisamehe. Leo duka limefungwa.

Kwa msiomjua: Zabroni, fundi cherehani wa Mwanga sokoni. Mimi nauza vitenge, yeye anavishona, ukuta mmoja, miaka kumi na moja. Nusu ya magauni ya harusi mliyoyasifia hapa Kigoma yametoka mikononi mwake. Nusu nyingine mlikosea fundi.

Na mimi mnanijua. Kalemie nimefika, Bujumbura nimefika, Mpulungu nimelala wiki nzima. Shule niliiacha form two, dunia ikanimalizia. Mwaka juzi nikaenda Dar kufuata mzigo, nikaingia semina ya bure ya motivation. Saa tatu tu. Nikarudi na treni nikiwa profesa.

"Jamani, furaha ni mindset!" nikawatangazia wenzangu kwenye benchi la kahawa. Cheo nikajipa mwenyewe: Waziri wa Furaha.

Si mnajua tunavyosalimiana? Habari? Nzuri, ila mtoto anaumwa. Nzuri, ila paa limeezuliwa. Hata mfiwa anaanza na nzuri! Basi mimi nikaipiga marufuku hiyo "ila". Ukiulizwa habari, sema nzuri, weka nukta. Atakayeteleza anacheza mbele ya akina mama wauza samaki, wale wa migebuka.

Wa kwanza kuteleza nani? Zabroni.

"Habari, fundi?"

"Nzuri, Waziri, ila huu mgongo..."

"Chezaaa!"

Akacheza, tepu ya kupimia shingoni, mguu mmoja una kiatu. Mama mmoja akapiga kelele, "Kumbe Muha ana kiuno!" Soko zima hoi.

Hakuteleza tena. Kila asubuhi "Nzuri, Waziri," nukta. Nikampiga picha, nikamweka status: mwanafunzi wangu namba moja. Wengine mli-like.

Mwaka huu akaanza kukonda. Nilimwona kwa macho yangu akiipunguza suruali yake mwenyewe kiunoni. Baada ya wiki mbili, akaipunguza tena.

"Fundi, umeanza diet? Unataka kuoa wa pili?"

"Mindset, Waziri," akasema. Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi.

Juzi asubuhi amefariki. Jana tumemzika kwao Ilagala. Baada ya mazishi nikamfuata mkewe, shemeji yangu Consolata, nikamuuliza ni nini hiki, mbona ghafla.

Akaniangalia. "Ghafla kwako, shemeji. Figo. Tumejua tangu masika."

Nikamwambia, mbona hakuniambia? Mimi? Ukuta mmoja?

"Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema, 'Yule akijua atanyamaza, na mimi asubuhi nahitaji kelele zake.'"

Hapo nilitaka kutabasamu, nisiwadanganye. Lakini shemeji alikuwa hajamaliza.

"Kuna siku moja tu alitaka kukwambia. Siku ya kwenda kuchukua majibu hospitali. Alikuwa anaogopa, akasema atakuomba umsindikize. Akaja dukani kwako, akarudi nyumbani. Akaniambia una kazi. Akaenda peke yake."

Siku hiyo naikumbuka. Alisimama mlangoni akiwa amevaa shati la kanisani siku ya kazi. Nikamuuliza habari. Akasema nzuri. Akashika kitenge kimoja, akakikunja, akakikunjua. Mimi nilikuwa nimeshika simu, narekodi video ya kuwafundisha ninyi furaha.

Nikamwonyesha kwa kidole: subiri. Alipoondoka sijui.

Sasa mnaniuliza, Waziri, kwa hiyo furaha si mindset? Sijui, ndugu zangu. Kichwa kinasaidia, sikatai. Shemeji anasema jamaa alicheka mpaka wiki ya mwisho, na nesi akachekeshwa. Ile haikuwa maigizo, ndivyo alivyokuwa. Lakini kichwa kizuri hakisafishi damu. Na mtu mwenye furaha naye huogopa kuingia peke yake kwa daktari.

Ile video nimeifuta. Watu elfu ngapi waliipenda, sijali.

Zabroni, umetuachia magauni mawili ya wasimamizi wa harusi, mikono hukuwahi kuishona. Nimewapelekea wenyewe nikawaeleza. Bibi harusi amelia, akasema wasimamizi watayavaa hivyohivyo.

Ndugu yangu, nilikuwa karibu nawe kuliko watu wote wa soko lile, na ulikwenda peke yako. Nisamehe kama huko mnasamehe. Jana nimelibeba jeneza lako toka mlangoni hadi kaburini, walitaka kunipokea nikakataa. Nimechelewa, lakini nimekusindikiza.

Lala sasa, fundi. Lala salama.