Nilimdanganya mke wangu kazi haijaisha ili nile Bonane Kalemie

Admin, jina langu baki nalo wewe. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, kwetu Kigoma, nina mke na watoto wawili. Ni fundi wa mitambo ya barafu. Mwezi wa nne nilivuka ziwa kuja huku Kalemie, upande wa Kongo, kumfungia tajiri mmoja wa samaki chumba cha baridi, mkataba wa miezi minane. Wakati naondoka nilimwahidi mke wangu kwamba Krismasi nitaila nyumbani. Sijaachwa, sijaibiwa, sijarogwa. Mwenye makosa ni mimi, kwa hiyo msihangaike kumtafuta mwingine.

Nimepanga chumba kwa Mama Feza, mjane wa mfanyakazi wa reli, umri wa dada yangu mkubwa. Ana mabinti watatu na wajukuu siwezi kuwataja wote. Wananiita Papa Fundi. Mwezi wa kumi na moja aliingia na kitenge, robota zima, akaniambia kwamba huku kwa Bonane, ndivyo wanavyouita mwaka mpya, nyumba nzima hushona kitambaa kimoja, halafu wanapiga picha pamoja ufukweni. Fundi cherehani alikuwa ameshakuja, futi mkononi. Nilipaswa kusema palepale kwamba mimi siku hiyo nitakuwa kwangu. Badala yake nikacheka, nikanyoosha mikono, nikapimwa. Kwao ukishapimwa umeshahesabiwa, na mimi nililijua hilo.

Kazi iliisha wiki moja kabla ya Krismasi. Boti ya Kigoma ilikuwepo, na nauli ninayo. Siku hiyohiyo shati langu likaletwa kutoka kwa fundi. Nikalijaribu mbele ya kioo, wajukuu wakapiga makofi, nami nikajiona mtu kweli. Nikatoka nje, nikampigia mke wangu, nikamwambia mashine inasumbua na bosi amekataa kutuachia mpaka mwaka mpya upite. Akasema pole na kazi, Baba Zawadi. Ile pole ndiyo inayonitafuna hadi leo.

Mama Feza hakuwa mjinga. Aliniuliza, "Papa Fundi, mama ya watoto anakubali kweli? Sikukuu bila bwana wake haiko muzuri." Nikamjibu amekubali, tena amefurahi nipumzike. Uongo wa pili huo, na wala haukunikwama kooni.

Sasa niseme ukweli ambao ndio mbaya zaidi: nilifurahi. Misa ya Krismasi huku watu wanapeleka matoleo wakicheza, na mimi nilicheza hadi nikasahau nimebeba nini. Bonane tulikula mbuzi, sombe, yaani kisamvu, samaki mikebuka wa kukaanga na bugali ya kumwaga. Majirani wanaingia bila hodi, watoto wanapita nyumba kwa nyumba na nguo mpya. Tulipiga picha watu kumi na saba, kitambaa kimoja, mimi katikati nimekenua meno yote. Najua mnachowaza. Hakuna mwanamke. Afadhali angekuwepo, mngenielewa upesi. Nilikaa kwa sababu pale sidaiwi ada, siulizwi bati linalovuja, naitwa mezani tu nile. Siku nzima sikuwakumbuka wanangu hata mara moja.

Kesho yake nikapiga simu nyumbani. Akapokea Zawadi, ana miaka saba. Nikamuuliza Krismasi walikula nini. Akasema, "Hatujala bado, baba. Mama amesema Krismasi tutakula ukija." Nikadhani ananitania. Mama yake alipochukua simu akanieleza kwamba jogoo bado wapo, mchele bado upo, na nguo mpya za watoto ziko kabatini. Kanisani walikwenda na zile za zamani. Wakwe walipowaalika alikataa, akasema baba yao yuko kazini, hawawezi kula sikukuu bila yeye. Hata jumuiya amewaomba waniombee, kwa sababu nafanya kazi sikukuu. Kisha akaniuliza kama siku ya Krismasi nilipata angalau chakula cha moto. Nikamwambia nilipata maharage.

Nilikata simu nikakaa kitandani kama mtu aliyepigwa. Niliona aibu hadi ya kutoka kwenda bafuni.

Leo nimekuwa nikifunga mizigo. Mama Feza ameingia na furushi. Ndani kuna gauni limeshonwa kwa kitambaa kilekile cha picha, na kanga mbili za watoto. Akaniwekea mikononi, akasema, "Umupe mama ya watoto, umuambie aksanti. Yeye njo alituazima bwana yake kwa sikukuu. Wanawake wa namna ile ni wachache." Kisha akaniomba namba yake amshukuru mwenyewe kwa simu, maana Pasaka anavuka kuja Kigoma na biashara yake na angependa kufikia kwetu. Nikamwambia simu ya mke wangu imeharibika. Uongo wa nne, ukihesabu na yale maharage.

Nikiliacha gauni, nitakuwa nimemtukana mama aliyenilisha miezi minane. Nikilipeleka, mke wangu atauliza kitambaa hiki ni cha nini. Na hata nikilificha, Pasaka itafika, na wanawake hawa wawili watakaa jikoni kwangu wakishukuriana.

Boti inaondoka keshokutwa. Nimeambiwa jogoo watachinjwa siku ile nitakayoshuka, na Zawadi hajaruhusiwa hata kuijaribu nguo yake mpya. Ndugu zangu, mnitukane kwanza mkitaka, nimestahili, lakini baada ya hapo mniambie: nimpigie mke wangu leo niseme kila kitu, au niwaache wanangu wale Krismasi yao kwanza, ndipo niseme?