Undugu Nilioutafuta Ofisini

Wiki jana nilienda ofisi ya wilaya, Kitui, kuchimba historia ya ukoo, penseli sikioni kama msomi. Msinisifu. Jamaa mmoja wa Kyuso ameanza kuleta mbuzi wa mahari yangu kwetu, nami bado naota kurudi darasa la saba. Kwetu Ukambani watu wa ukoo mmoja hawaoani, kwa hivyo nilitaka serikali initafutie undugu na huyo jamaa.

Karani alifungua majalada akilamba kidole kila ukurasa.

"Ukoo wake ni mwingine kabisa."

"Angalia tena, tafadhali. Hata kwa babu zake."

"Msichana, wengine hulia wakikuta undugu. Wewe unalia ukikosa?" Akaikazia macho pua yangu kama anayeifahamu. "Mama yako ni wa wapi?"

"Mbooni." Nikamtajia na ukoo wa mama.

Karani akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kumbe mimi ni mjomba wako! Mwambie baba yako, katika mahari asisahau mbuzi wa mjomba."

Basi serikali imenitafutia undugu kama nilivyoomba. Mjomba anakuja Jumamosi kula mbuzi wake, na amesema atabeba kisu chake mwenyewe.