Mchunga Kondoo Asiyeruhusiwa Kushika Bunduki

Alfajiri, baridi kali. Pikapu ya Verlin Stroud inasimama kwenye geti la malisho, huku Wyoming. Mama mkwe wake, Opal, miaka sabini na moja, anashuka na bunduki yake, anachechemea mpaka getini.

"Nilimwambia nishuke mimi, hataki," anasema Verlin. "Anasema dereva hashuki. Na bunduki haiachi humu. Nikikutwa nayo, nafungwa."

Verlin anachunga kondoo wa tajiri mmoja, Leland Haskew. Analipwa dola 2,600 kwa mwezi na nyumba ya kukaa na mke na watoto.

Kosa lake ni la ujana. Alirudisha nyuma mita ya maili ya pikapu, ionekane haijatembea sana, akaiuza kama mpya mpya. Akakiri, akalipa faini, jela hakulala. Lakini sheria ikamfutia haki ya kushika bunduki maisha yake yote.

Sasa amekwenda mahakamani. Katiba inasema wananchi wana haki ya kumiliki na kubeba silaha. Majaji wanabishana kama mtu kama Verlin bado anahesabiwa humo, na wanaangalia wazee walioandika Katiba waliwafanyaje matapeli.

"Wakili wa serikali akasema zamani matapeli walinyongwa, kwa hiyo kuninyima bunduki ni huruma," anasema. "Nikajishika shingo. Kodi mbona wanachukua? Hapo mimi mwananchi?"

Mahakama ya kwanza ilimkatalia. Amekata rufaa, anasubiri.

Koyoti, mbwamwitu wa huku, hawasubiri. Msimu huu wa kondoo kuzaa wamekula wanakondoo wengi, na Verlin silaha yake ni mbwa wawili na sufuria ya kugonga.

"Verlin nampenda," Haskew aliniambia bila kuficha. "Ila nalipa mchungaji, silipi mpiga ngoma. Akipoteza kondoo tena tukiwapandisha mlimani, anatoka kazini na kwenye nyumba."

Ghafla mbwa wanabweka. Koyoti yuko bondeni. Opal anaegemeza bunduki kwenye boneti.

"Kushoto kidogo, mama."

"Nyamaza, mwizi wa maili!"

Risasi inalia. Vumbi linaruka pembeni. Koyoti anaondoka na mwanakondoo mdomoni, wala hakimbii sana.

Opal anafuta macho. "Zamani huyo angekuwa kofia," anasema. Verlin hacheki. Anamwendea kondoo jike anayelia, anamshika kichwa, anakaa naye.

Mwezi wa sita kondoo wanapandishwa mlimani, na kule Opal hawezi kufika. Ni farasi na hema, miezi mitatu.

"Naomba majaji waamue kabla hatujapanda," anasema Verlin. "Wakikubali, nanunua bunduki ya mtumba, inatosha. Wakichelewa, napanda hivyo hivyo, na mbwa na sufuria yangu. Nimeshawaambia watoto hatuhami. Sasa lazima nihakikishe hatuhami."