Nimetazama adaptation 23 za riwaya moja ya kutisha, kanisani wakanitoa kwenye kwaya. Siachi ng'o!

Wakuu, nawasalimu kutoka Kampala, upande wa Kawempe.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe na sijatia chumvi. Majina nimebadilisha, na dada mmoja ninayemwandika huku chini nilimwomba ruhusa kwanza, akanipa. Anayetaka kunicheka anicheke, ila asome mpaka mwisho.

Mimi ni Mkongomani wa Bukavu, nina mwaka wa kumi na moja hapa Uganda. Natengeneza vyerehani, nina kibanda changu karibu na soko la Kalerwe. Nina mke, anaitwa Solange, na watoto wawili. Sinywi. Mpira siufuatilii, mtanisamehe.

Hobby yangu ni moja tu, na ndiyo iliyoniponza.

Kuna riwaya ya zamani ya Kizungu, zile za majumba makubwa, ukungu na milango inayolia. Jina silitaji makusudi, maana nikilitaja uzi wote utageuka ubishi wa nani kaisoma na nani kadanganya. Niliisoma kwa Kifaransa nikiwa sekondari.

Kwa kifupi, muuguzi mjane anaajiriwa kwenye jumba la mlimani amhudumie bwana mgonjwa. Anaambiwa bibi wa nyumba alishakufa. Lakini kila mchana anaona sahani ya chakula inapandishwa ghorofani, na jioni inashuka tupu.

Nani anakula?

Basi, swali hilo ndilo linalokuvuta kurasa mia nne.

Miaka sita iliyopita nikaona filamu yake kwa mara ya kwanza, nikakasirika mpaka Solange akaniuliza nani kafa. Wameweka mzimu! Wakuu, kwenye kitabu hakuna mzimu hata mmoja. Kule juu yuko bibi mwenyewe, mzima, wa nyama na damu. Alipata ugonjwa uliowaaibisha ndugu za mumewe, wakamfungia, wakatangaza amekufa.

Nikajiuliza, kwa nini wamtoe mtu wamweke jini? Nikaona kwamba jini ni rahisi. Jini halimshtaki mtu. Ukisema kule juu kuna jini, familia inabaki safi.

Nikanunua daftari. Nikaanza kutafuta kila adaptation iliyopo duniani, nikawa naandika review kwa Kiswahili na kuzipandisha kwenye page yangu. Nilitazama saa za mchana, wateja wakiwa wachache, laptop juu ya meza katikati ya mikanda na shatoli za vyerehani.

Kipimo changu cha kwanza ni sahani. Nionyeshe unavyoipiga picha ile sahani, nitakwambia kama ulisoma kitabu.

Kuna moja ya black and white, haina sauti kabisa. Sahani inashuka ngazi, kuna mfupa wa kuku umegugunwa. Basi. Sikumaliza chakula changu siku hiyo. Kuna tamthilia ya Asia ya episode sitini na kitu, mfungwa anapelekewa trei ya matunda na yeye kapaka lipstick. Nikaipa mbili juu ya kumi, na hizo mbili ni za nyimbo.

Na kuna ya VJ. Kwa wasiojua, huku Kampala kwenye vibanda vya video kuna watu wanaotafsiri filamu kwa Kiganda papo hapo, wanazungumza juu ya sauti ya waigizaji. Nilimkuta VJ mmoja anatafsiri ile ile iliyonikasirisha. Katikati ya muziki wa kutisha, mzimu umetokea, watu wamejikunyata, jamaa akasema, "Bannange! Hiyo sahani ilikuwa na matooke na mchuzi wa karanga. Mzimu gani unakula mchuzi wa karanga?"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mimi nikasimama nikapiga makofi. Katika adaptation zote, yule ndiye wa kwanza kuuliza swali la maana. Nikampa tisa.

Group moja ya wapenzi wa riwaya hiyo, ya Wazungu, wakaniambia VJ si adaptation, nifute. Nikawajibu kwamba aliyekitetea kitabu kuliko director wao ni yule kijana wa kibandani. Wakaniondoa. Haya, safari njema.

Nije kwenye kisa sasa.

Shule moja ya upande wa Lubaga iliiigiza jukwaani siku ya wazazi. Nikavaa shati la Jumapili nikaenda, sina mtoto pale, nikasimama nyuma. Binti aliyecheza bibi wa ghorofani alipakwa unga usoni, akatokea dirishani. Nikapiga picha, nikaiweka kwenye page: "Namba 21, na hawa watoto wamewashinda watu wazima."

Kesho yake picha ile ilikuwa kwenye group ya WhatsApp ya kwaya. Screenshot, na chini yake swali: "Mwalimu wetu wa kwaya anaabudu nini?"

Niseme kuhusu hiyo kwaya. Nilipofika Kampala sikuwa na mtu. Niliwasikia Wakongomani wanaimba kwenye kanisa la mabati, nikaingia, sikutoka tena. Solange nilimpata mule, sauti ya pili. Nimeifundisha miaka tisa. Nyimbo kama arobaini nimezitunga mimi.

Jumapili baada ya ibada nikaitwa. Pasta, wazee watano, na mke wangu wakamwita pia. Mwenyekiti alikuwa Papa Batumike, mzee anayeheshimika sana, kila mgonjwa akiombewa mkono wake uko juu ya kichwa.

Akasema, "Frère, hii vitu inaletaka roho mubaya ndani ya nyumba. Unafundisha watoto wetu kuimba, kisha unakaa na mashetani."

Masharti yalikuwa mepesi kuyasikia. Nifute page. Nilete madaftari yaombewe na kuchomwa. Nikikataa, kwaya niiache.

Wakamgeukia Solange. Mke wangu ni mtu wa aibu, na tangu ile screenshot tulikuwa hatuongei vizuri. Nilijua ananiangusha.

Akasimama. "Mume wangu hizo filamu anapenda kupita kiasi, hilo nakubali, linanichosha. Lakini hajawahi kunipiga, hajawahi kulala nje. Mniambie hilo shetani linafanya kazi gani pale kwetu, maana mimi silioni."

Akakaa. 

Nikaomba niwasimulie hicho kitabu, ili wahukumu kitu wanachokijua. Pasta akasita, Papa Batumike akasema, "Aseme."

Nikawasimulia. Muuguzi, jumba, sahani. Nilisimulia kama ninavyofundisha wimbo, polepole, sauti kwa sauti. Mwanzoni walikuwa wanaangalia saa. Nilipofika pale muuguzi anapanda ngazi akiwa amebeba sahani mwenyewe, hakuna aliyekohoa. Akafika mlangoni. Akasikia mtu anapumua upande wa pili.

Nikanyamaza.

Mama mmoja kati ya wazee akasema, "Halafu?"

Nikamwambia, "Mama, mmesema hizi ni habari za shetani. Mwisho wake wa nini tena?"

Nilijua nimekosa adabu. Na ningerudi leo ningesema vilevile.

Nikawaambia page sifuti na daftari sileti. Kwaya nikaiacha palepale, funguo za kabati la vitabu vya nyimbo nikaziweka mezani.

Kuna waliotegemea nihame kanisa. Sikuhama. Jumapili iliyofuata nilikaa benchi la nyuma, nikasikia wimbo wangu unaongozwa na mtu mwingine, anaukimbiza kama ana basi la kuwahi. Wakuu, iliniuma. Nilitoka nje kidogo nikasingizia simu.

Jumatano yake, saa nne asubuhi, Papa Batumike akaja kibandani. Amebeba kichwa cha cherehani kimefungwa kwenye kitenge. Akasema kimeharibika.

Nikakigeuza, nikakitia mafuta, nikazungusha gurudumu. Kilikuwa kizima.

Akakaa kwenye stuli. Akaangalia barabara, wale wauza nyanya. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ule mwanamuke wa kule juu. Mwisho, walimutoa ao walimuacha?"

Nilitaka kumjibu jeuri. Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyekuja kushindana.

Nikamwambia. Muuguzi alifungua mlango bila shida yoyote, kwa sababu ufunguo ulikuwa unaning'inia pale nje, kwenye msumari, miaka yote. Kila aliyepeleka sahani aliuona.

Papa Batumike akainamisha kichwa.

"Miye nabebaka sahani," akasema.

Sikuelewa mara moja. Akaanza kueleza. Cherehani ni cha mdogo wake, nitamwita Nabintu. Ana kifafa. Alianguka sokoni mbele ya watu, wakasema ana pepo. Papa akamwombea, akafunga na kusali siku nyingi, hakupona. Mzee anayeombea watu wote, dada yake hapati nafuu! Akaona aibu. Akamweka chumba cha nyuma na akaacha kumtaja. Miaka minne. Kanisani tulidhani alirudi Congo.

Hapo hasira ikanipanda kweli. Huyu ndiye aliyekaa akanihukumu mimi kwa ajili ya unga usoni mwa mwanafunzi.

Nikamfungia cherehani kwenye kitenge chake. "Mzee, hiki hakina ubovu. Siku ukirudi, njoo na mwenye cherehani."

Hakuja kesho yake. Hakuja wiki nzima. Ndipo nikamwambia Solange, naye hakuniuliza mara mbili. Akavaa kitenge, akaniambia nifunge kibanda, tukaenda wote mpaka kwa Papa. Alitufungulia mwenyewe. Hakutuzuia.

Sitaandika nilichokiona mule chumbani, hicho ni cha Nabintu. Solange ndiye aliyemshika mkono. Tulimpeleka hospitali, na Papa alikuja nasi, amebeba majibu ya vipimo na karatasi kama mtoto wa shule. Nabintu alipewa dawa. Anaanguka bado, lakini mara chache sana, na akianguka pale kibandani tunajua la kufanya.

Ndiyo, pale kibandani. Anashona pindo za sare za shule, meza ya pili. Ana mkono mzuri kuliko mafundi wengi wa hapa Kalerwe.

Papa Batumike alisimama mbele ya kanisa akamtambulisha. Alisema maneno machache tu, akalia. Baadaye wazee wakaniita, kwaya nirudi, ila ile page niifute "kwa amani". Nikasema hapana, asanteni. Bado nakaa benchi la nyuma, nampenda Mungu wangu nikiwa hukohuko.

Juzi tulitazama namba 23 mchana, mimi, Solange na Nabintu. Mpya, ya gharama, picha safi. Mwisho mlango unafunguka, bibi anatoka mbio, anashuka ngazi, anakimbia bustanini nywele zinapepea, muziki juu. Mimi nilishaanza kuandika nane.

Nabintu akatikisa kichwa. "Uongo. Mtu akitoka hakimbii. Anasimama hapo mlangoni. Jua linamuumiza macho, na hajui watu watamutazama namna gani."

Nikaifuta ile nane. Review ya namba 23 ameiandika yeye, maneno yake, mimi nimepiga chapa tu.

Nilichojifunza ni kidogo. Kitu unachokipenda kwa dhati, usikikabidhi kichomwe ili tu watu wakukubali. Na ukisikia nyumba fulani ina pepo, nenda kaone ni nani analala mule.

Wakuu, uwanja ni wenu. Matusi nayapokea, ila yawe ya mtu aliyesoma yote. Na mwenye kujua kama riwaya ya namna hii iliwahi kuchezwa redioni kwa Kiswahili, Mombasa, Dar, Bujumbura, popote, aniambie. Tuko watatu tunaoitafuta.