Senene Alioonja Taata

Mwaka jana wenzangu wa kazini walinichukua hadi Mtwara kutazama nyangumi wenye nundu, wale wanaopita pwani kila msimu. Mmoja alipoinuka majini, watu wote mashuani wakapiga kelele. Mimi nilitazama tu. Mwendesha mashua akanitania, "Mama, wenzako wanalia kwa furaha, wewe umekaa kama uko foleni ya hospitali." Nikacheka, maana alisema kweli. Usinione mkavu, rafiki yangu. Misimu ya viumbe wanaosafiri niliijua mapema, na mmojawapo ndio ulionizoesha kutazama hivi.

Kwetu Kamachumu msimu wetu ulikuwa wa senene, wale panzi wanaoliwa. Walishuka na mvua za Novemba. Alfajiri yenye ukungu tulitoka na mama, tukapita migomba hadi rweya, yaani kwenye majani ya wazi, tukawaokota wakiwa bado wamekufa ganzi kwa baridi. Tukirudi tulinyofoa mabawa na miguu, na vidole vikashinda vinanuka majani mabichi. Mama aliwakaanga kwa mafuta yao wenyewe, chumvi na kitunguu kidogo. Harufu ile ilitutoa mate hadi tukaona aibu. Lakini nyumbani kwetu hakuna aliyegusa kabla mwenye nyumba hajaonja. Mke anakamata, mume anaonja, ndipo watoto wanakula. Bibi, mama yake taata, yaani baba yetu, alilinda jambo hilo kuliko rozari yake.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka tisa. Vita vya mpakani vilikuwa vimekwisha na taata alikuwa amerudi mzima, tukadhani tumepona. Kisha ukaja ugonjwa ule ambao leo unaitwa Ukimwi; sisi tuliuita Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizotoka ng'ambo ya mpaka. Taata alilala chumba cha mbele, mdomo umejaa vidonda. Hata maji aliyameza kwa machozi.

Senene wakakaangwa, wakafunikwa kwa jani la mgomba. Siku ya kwanza hakuonja. Ya pili hakuonja. Mama akasema kwa upole kwamba watoto wanawatazama tu.

"Unataka tumzike angali anapumua?" bibi akamuuliza. Mama akalirudisha jani juu ya senene.

Asubuhi ya tatu bibi alinipa kisahani nimpelekee, naye akasimama mlangoni. Taata akachukua senene mmoja, akamtia mdomoni, akachezesha taya taratibu huku amefumba macho.

"Wamekolea chumvi, maama," akamwambia bibi. "Watoto wale."

Bibi akapiga vigelegele, akakimbilia jikoni kumwambia mama. Taata akasikiliza hadi nyayo zake zikapotea, kisha akamtema senene yule kiganjani. Alikuwa mzima, hakuguswa na jino. Akanitazama. Siku hizo hata kikombe chake majirani walikikwepa. Nilimchukua senene yule nikamla, ili bibi akirudi asimkute. Kisha nikaenda jikoni nikala pamoja na wenzangu, nikashiba.

Alikufa wiki ileile. Nyumba ilitandikwa majani mabichi, waombolezaji wakakaa chini, na kila aliyeingia bibi alimwambia, "Mwanangu ameondoka kama mwenye nyumba. Ameonja senene wa mwaka. Muulizeni huyu, alikuwepo." Nikaitikia kila mara kwamba ndiyo, ameonja. Sikulia. Nilingoja kilio kije, hakikuja, nikaendelea kupeleka maji ya kunawa.

Siku hizi senene wanauzwa stendi kwenye vifuko vya plastiki, na anakula yeyote mwenye hamu. Kibanja chetu cha migomba kimegawanywa kwa watu nisiowajua. Mama alimfuata taata. Bibi aliishi miaka mingi akilisimulia lile la kuonja, nami nikilithibitisha kila aliponigeukia, hadi wiki yake ya mwisho. Leo nimekueleza ilivyokuwa kweli kwa sababu hakuna tena wa kumuumiza.