Mama Anapoita Saa ya Chakula

Sista mmoja kutoka Ufilipino alikuwa akitusimulia vitabu kila Jumamosi, sisi wasichana wa parokia ya Katoyi. Siku moja akatueleza habari za mama aliyemo katika kitabu cha zamani cha kwao, cha enzi ambazo Wahispania waliwatawala. Wanawe wawili wanasingiziwa wizi, mdogo hapatikani tena, naye mama anazunguka akiwaita mpaka akili zinamruka. Mwishoni anakutana na yule mkubwa. Akili zinamrudia, anamtambua, na papo hapo anakufa.

Wenzangu walilia. Mimi nilikasirika.

"Mutoto amerudia, sasa anakufa juu ya nini?" nikauliza.

Sista akasema moyo wa mtu una mwisho wa kubeba. Nilirudi nyumbani nimevurugika kabisa, kwa sababu na mimi nilikuwa na mama aliyekuwa akiita.

Kaka yangu alipotea siku tulipokimbia vita kutoka Masisi. Karibu na Sake alirudi nyuma kumfuata mbuzi wetu, nasi tukasukumwa mbele na umati. Tulimtafuta katika kambi ya Mugunga, hema kwa hema, hatukumwona yeye wala mbuzi. Baadaye tukapata chumba Katoyi, na mama akaanza kuuza sambaza, vile visamaki anavyovinunua asubuhi ufukoni Kituku. Kwenye biashara hakuna anayemchezea. Lakini kila adhuhuri, bugali ikiiva, anasimama mlangoni, anaita jina la kaka kwa sauti kubwa, kisha anamwekea sahani yake.

Anaita, halafu anangoja. Kwetu mtoto akiitwa na mzazi hasemi "nini?" Anaitika "karame", yaani anamtakia mzazi maisha marefu. Kaka aliitika hivyo hata akiwa amenuna.

Majirani walisema kichwa cha mama kimeharibika. Sikujua niwapinge au nikubaliane nao. Mtu anayejua kwa kugusa tu kwamba sambaza ni za jana ana wazimu gani? Na mtu anayempakulia asiyekuwepo, ana akili gani? Nilikuwa nikiomba kaka arudi, kisha nakumbuka yule mama wa kitabuni, nashikwa na hofu, naifuta sala yangu. Kesho yake naomba upya. Bila shaka Mungu alichoka na mimi.

Jumapili moja mjomba alikuja na neno lake lile lile: tufanye matanga, tumalize.

"Dada, tumulilie tu. Roho yako itatulia."

"Mutamulilia namna gani mutu mwenye sahani yake iko hapa?" mama akajibu, akaendelea kusonga bugali.

"Basi leo usimwite. Leo tu, nakuomba."

Mama alipakua, akaenda mlangoni, mwiko bado mkononi, akaita. Safari hii sauti ilimkatika katikati ya jina. Mjomba aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikiosha sufuria, na hata leo sijui ni nini kilichonipata. Nikaitika.

"Karame!"

Nilisikia mwiko ukianguka. Nikawaza, basi, nimemuua mama yangu. Nilikimbia kuzunguka nyumba, mikono imejaa povu. Nilimkuta amesimama vile vile, ameshika ubao wa mlango, akinitazama. Machozi yalikuwa yakimtoka na wala hakuyapangusa.

"Mama, ni miye," nikasema. "Ni miye tu. Unisamehe."

"Najua ni weye. Unafikiri sijui sauti ya mutoto wangu?"

Nikashindwa kuelewa kama ameponywa au nimemtonesha kidonda. Mjomba alikuwa ameinuka, na yeye hajui pa kuweka mikono. Mama aliokota mwiko, akaufuta vumbi kwa kitenge chake, akageukia tena barabara.

"Rudia nyuma ya nyumba," akaniambia. "Nitaita tena."

Nikarudi nyuma ya nyumba. Akaita jina la kaka, lote safari hii, nami nikaitika, nikamtakia mama maisha marefu.