Leanne Alipokuwa Mkwe

Glenda Ackroyd alikuwa mpishi wa shule pale mjini Keighley, mwanamke wa kubeba sufuria nzima ya viazi huku akiwatania walimu. Kisha akateleza kwenye ngazi za nyumbani kwake, shingo ikavunjika, na tangu hapo mwili wake kuanzia mabegani kwenda chini haukumsikiliza tena.

Mwanzoni wahudumu waliletwa na kampuni. Kila asubuhi sura mpya, na kila sura iliuliza upya jinsi ya kumfunga mikanda ya mashine ya kumwinua kitandani. Ndipo Bi Hilary, muuguzi wa ofisi ya afya, alipomweleza kwamba angeweza kupewa fedha za matunzo mkononi mwake, aajiri amtakaye.

"Isipokuwa ndugu anayeishi nawe," alionya.

"Nani amwajiri Craig?" Glenda alicheka. "Mwanangu huyo anaunguza hata chai."

Akamwajiri Leanne, aliyekuwa akimkata nywele zamani. Leanne alijua kwa kumtazama tu kama kohozi limemkaba. Mikononi mwake Glenda hakuogopa kuinuliwa.

Miaka ikapita, na mapenzi yakaota jikoni, kati ya Leanne na Craig. Walifunga ndoa ya serikali, Glenda akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu na kofia ya manyoya ya rangi ya waridi. Leanne akahamia kwao. Kama ilivyo desturi ya huko, vipande vya keki vilitiwa kwenye visanduku na kupelekewa wale ambao hawakuhudhuria.

"Bi Hilary asisahaulike," Glenda alimwagiza Leanne. "Bila yeye nisingekupata, mwanangu."

Wiki iliyofuata Bi Hilary alikuja, akaketi bila kuvua koti.

"Keki ilikuwa tamu, Glenda. Kwa hiyo Leanne ni mkwe wako sasa, na mnaishi pamoja?"

"Ndiyo, maskini. Kapata mama mkwe asiyeweza hata kumzaba kofi."

Bi Hilary hakucheka. "Basi siruhusiwi kuacha fedha zile zimlipe."

"Mikono ni ile ile! Kabla ya harusi ilifaa, leo haifai?"

"Kanuni ndiyo inavyosema. Nitawaombea ruhusa ya pekee. Lakini kikao cha ofisi yetu kitauliza kama hakuna mtu mwingine wa kukuhudumia."

Watu wengine walikuwapo, tena tele. Aliwajua wote.

Kikao kilijibu hivyo hivyo: mjini mna kampuni za wahudumu, kwa hiyo hakuna sababu ya pekee. Leanne akasema atamhudumia bure. Craig, dereva wa basi, akatazama sakafu. Mshahara wake peke yake usingeitunza nyumba. Kuhama nako hakukuwezekana, maana usiku ni wao waliomgeuza mama ubavu.

"Labda tuachane," Craig alinong'ona, nusu utani.

"Thubutu!" Glenda akafoka. "Ukimwacha huyu nitakutafuna masikio. Meno bado yananitii."

Walicheka wote watatu, kisha Leanne akatoka akaenda kulia bafuni. Glenda alimsikia, asiweze kumfuata wala kumshika bega.

Leanne alipata kazi mtaa wa pili, kwa mzee aliyepooza, anayepewa fedha za matunzo na ofisi ile ile kwa utaratibu ule ule. Kwa mzee huyo, yeye hakuwa mkwe wa mtu.

Asubuhi ya kwanza alimbusu Glenda kwenye paji la uso. "Nitarudi jioni, Mama."

"Nenda, mwanangu. Mwenzangu asikawizwe chai."

Mlango wa mbele ukafungwa. Msichana wa kampuni, mpole na mwenye mikono baridi, alisimama kando ya kitanda akiigeuzageuza ile mikanda.

"Samahani, Bi Ackroyd. Huu unapita juu au chini ya mguu?"

Glenda akaanza kumweleza.